Adamu, Ulikuwa Wapi? Heinrich Böll na Swali la Hatia Baada ya Vita



Swali la kwanza ambalo Mungu anamwuliza mwanadamu katika Maandiko Matakatifu ni swali fupi mno: yuko wapi? (Mwa 3:9). Tunajua Adamu alivyojitetea katika mazungumzo yaliyofuata. Alimtaja mwanamke, na papo hapo akamsogezea lawama Mungu mwenyewe aliyempa huyo mwanamke. Hapo ndipo ilipoanza tabia ya kukwepa ambayo kila padre ataisikia katika kiti cha maungamo mpaka siku yake ya mwisho, na ambayo yeye mwenyewe ataipeleka kwa muungamishi wake. Mwaka 1951 mwandishi mmoja Mjerumani, Mkatoliki wa mji wa Köln, aliyekuwa amevaa sare za jeshi la Hitler kwa takriban miaka sita, alilichukua swali hilo akalifanya jina la riwaya: Wo warst du, Adam?, yaani, Adamu, ulikuwa wapi? Mwandishi huyo ni Heinrich Böll, na ndiye tunayemsoma katika somo hili.

Hatumsomi kwa kuwa alikuwa mtakatifu. Aligombana na maaskofu wake karibu maisha yake yote ya uandishi, na katika ugomvi huo mara nyingine alikosa haki. Tunamsoma kwa sababu alilibeba swali moja ambalo Kanisa haliwezi kulikwepa: watu walioshiriki uovu mkubwa, au waliokaa kimya ukitendeka, wanarudije mezani pamoja na wale waliouumia? Je, inatosha kusema yaliyopita si ndwele?

Böll alizaliwa Köln tarehe 21 Desemba 1917. Baba yake alikuwa seremala na mchonga mbao. Nyumba yao ilikuwa ya Wakatoliki wasiompenda Hitler hata kidogo, na kijana Heinrich alikataa kujiunga na chama cha vijana wa Kinazi, jambo ambalo si wengi wa rika lake walithubutu. Alianza kujifunza kazi ya kuuza vitabu huko Bonn, kisha akajiandikisha Chuo Kikuu cha Köln mwaka 1939, lakini mwaka huohuo akaitwa jeshini. Alipelekwa Ufaransa, Urusi, Romania na Hungaria, akajeruhiwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1942 alimwoa Annemarie Čech. Aprili 1945 alitekwa na Wamarekani, na alipoachiwa Septemba mwaka huo alirudi katika mji uliokuwa kifusi. Mwezi uliofuata mtoto wao wa kwanza, Christoph, alifariki.

Tusiipite haraka habari hii. Mtu huyu hakuwa Mnazi, wala hakupenda vita. Hata hivyo alibeba bunduki ya jeshi lile, na baadaye hakujificha nyuma ya maneno "mimi nililazimishwa". Alijihesabu kuwa mmoja wa wale wanaopaswa kujibu swali la Mwanzo sura ya tatu. Alilipata wazo hilo kwa Theodor Haecker, mwandishi Mkatoliki aliyefariki mwaka 1945. Haecker aliona kwamba maafa makubwa ya dunia yanaweza kumpatia mtu udhuru mbele za Mungu: akiulizwa alikuwa wapi, anajibu kwamba alikuwa vitani, kana kwamba hapo dhamiri yake ilikuwa likizo.

Riwaya yenyewe haina shujaa. Ni sura tisa za jeshi linalorudi nyuma, na ndani yake watu wanakufa vifo visivyo na maana. Sura moja tungeomba kila mseminari aisome polepole. Mkuu wa kambi moja ya mauaji huko Hungaria, Filskeit, anapenda muziki, hasa muziki wa kwaya. Wafungwa wanapofika anawaimbisha mmoja mmoja, na wenye sauti nzuri anawaweka kwenye kwaya yake, hivyo wanaishi siku chache zaidi. Siku moja analetwa Ilona, mwalimu Mkatoliki wa asili ya Kiyahudi. Anapoamriwa kuimba, anaimba Litania ya Watakatifu Wote. Filskeit anasikiliza na kuona mbele yake, katika mwanamke ambaye mafundisho ya Kinazi yalimwita kiumbe duni, yote aliyoyatafuta akayakosa ndani ya nafsi yake: uzuri, ukuu, imani. Anashindwa kuvumilia. Anampiga risasi, kisha anaamuru wengine wote wauawe.

Wengi tumeimba litania hiyo, mkesha wa Pasaka au siku ya upadrisho, wakati wateule wamelala kifudifudi mbele ya altare. Böll anatuambia jambo zito kwa kuiweka mahali pale. Filskeit hakuwa mshenzi asiyejua nyimbo takatifu. Alizijua vizuri kuliko wanakwaya wetu wengi. Liturujia nzuri haimwokoi mtu aliyeamua kuitumia kama pambo. Baadaye Feinhals, askari aliyempenda Ilona, anafanikiwa kufika karibu kabisa na nyumba ya wazazi wake vita ikikaribia kwisha. Bendera nyeupe ya kujisalimisha imeshatundikwa. Bomu la Wajerumani wenzake linamwulia mlangoni.

Köln ya baada ya vita ilikuwa mahali pa njaa na baridi. Usiku wa mwisho wa mwaka 1946 Kardinali Josef Frings alihubiri kwamba mtu asiye na njia nyingine anaweza kuchukua kile anachokihitaji kwa ajili ya uhai na afya yake, na watu wa mji huo, walioiba makaa ya mawe kwenye treni ili watoto wasigande, wakatengeneza kitenzi kutokana na jina la Kardinali wao. (Tukisema ukweli, ni maaskofu wachache waliopata heshima ya kuwa kitenzi.) Böll aliandika hadithi zake za kwanza katika mazingira hayo. Wakosoaji walipomdharau yeye na wenzake kwamba wanaandika "fasihi ya vifusi", mwaka 1952 alilipokea jina hilo na kulitetea. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi ya mwandishi ni kuwa na jicho zuri, na jicho zuri haliwezi kuona bustani mahali penye kifusi.

Riwaya ya mwaka 1953, Und sagte kein einziges Wort, ina jina lililochukuliwa kutoka wimbo wa Wamarekani weusi juu ya Kristo aliyenyamaza msalabani. Ndani yake Fred na Käte Bogner, mume na mke wanaopendana, hawaishi pamoja kwa sababu chumba kimoja hakiwatoshi wao na watoto. Jirani yao ni mama mcha Mungu anayepokea Komunyo kila asubuhi, anayeheshimiwa na wakubwa wa Kanisa, na ambaye neno lake limewafungia mlango wa kupata nyumba bora. Parokia zetu zinamfahamu mama huyo, na mwenzake wa kiume pia.

Kitabu tunachokiona kuwa kikubwa zaidi kwa somo hili ni Billard um halb zehn, cha mwaka 1959. Mambo yote yanatokea siku moja, tarehe 6 Septemba 1958, siku ambayo mzee Heinrich Fähmel anatimiza miaka 80. Mzee huyu ni msanifu majengo. Katika ujana wake, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alijenga abasia ya Mtakatifu Antoni, kazi iliyompatia jina. Mwanawe Robert alikuwa mtaalamu wa baruti jeshini, na siku za mwisho kabisa za vita aliibomoa abasia hiyo ya baba yake. Mjukuu, Joseph, sasa ni miongoni mwa wanaoijenga upya, na anapokuta alama za chaki ukutani anautambua mwandiko wa baba yake. Babu alijenga, baba akabomoa, mwana anajenga tena: vizazi vitatu vya nchi moja vimo humo.

Kwa nini Robert aliibomoa? Kijeshi haikuwa na faida yoyote. Jenerali aliyemwamuru alikuwa amerukwa na akili, akiwaza tu kusafisha uwanja wa kufyatulia risasi. Lakini Robert alikuwa na sababu yake, naye hakumwambia mtu. Mnara ule mtukufu ulikuwa umebaki salama huku watu wakiangamia, na wamonaki walioishi humo walikuwa wameimba nyimbo za Wanazi pamoja na wengine kwenye mioto ya usiku. Aliyabomoa mawe ili kifusi kiwe kumbukumbu ya wale ambao hakuna aliyewajengea kumbukumbu: rafiki yake Ferdi aliyehukumiwa kifo akiwa kijana, mkewe Edith aliyekufa vitani, na wengine waliofanana nao. Böll anawagawa wahusika wake kwa ishara mbili. Wapo walioonja sakramenti ya nyati, yaani wanaoabudu nguvu, na wapo wanakondoo. Kisha wapo wachungaji, wachache, ambao walipaswa kuwalisha wanakondoo. Msomaji Mkatoliki hawezi kuliona neno hilo bila kumkumbuka Petro kando ya ziwa (Yn 21:15-17). Lawama ya Böll kwa Kanisa la nchi yake iko hapo hapo. Mara nyingi alirudia habari ya Mkataba uliotiwa sahihi kati ya Kiti Kitakatifu na serikali ya Hitler tarehe 20 Julai 1933, na aliamini kwamba wachungaji walijali taasisi kuliko kondoo.

Ndani ya kitabu hicho yumo pia bibi, Johanna, mke wa mzee Fähmel. Wakati wa vita alikwenda kituo cha treni za mizigo akitaka kupanda pamoja na Wayahudi waliokuwa wanasafirishwa. Familia ikamwokoa kwa kumweka katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na amekaa humo miaka 16. Yule mwenye akili timamu kuliko wote ndiye aliyefungiwa kama mwehu. Nje, watu kama Nettlinger, aliyewatesa wanakondoo enzi za Hitler, sasa ni mkubwa serikalini, anakula vizuri, anazungumza habari za demokrasia na kuwasaidia watu wa zamani kwa ukarimu. Johanna anatoka siku hiyo ya sherehe na bastola, anamfyatulia risasi waziri mmoja aliye kwenye roshani ya hoteli. Waziri hafi.

Tuseme wazi kwamba risasi ile hatuibariki, na hatudhani kwamba Böll aliiweka ili tuige. Ila tujiulize imetoka wapi. Imetoka katika miaka mingi ya watu kuambiwa wasahau. Abate wa Mtakatifu Antoni anawaalika akina Fähmel katika uzinduzi wa abasia iliyojengwa upya, anazungumza juu ya upatanisho, wala hataki kumnyoshea mtu kidole. Ni mtu mwema. Wao wanaitikia kwa adabu, lakini mioyoni mwao wanajua kwamba hawajapatana na nguvu zilizomuua Ferdi. Abate ametoa msamaha ambao hakuna aliyeuomba, kwa niaba ya watu ambao hakuwauliza. Mapadre na wanaojiandaa kuwa mapadre, kishawishi hiki ni chetu hasa. Tunapenda amani, tunapenda sherehe ya amani hata zaidi, na tunaharakisha kushikanisha watu mikono kabla hatujasikia nani alimfanyia nini nani.

Miaka minne baadaye, mwaka 1963, ilitoka Ansichten eines Clowns, riwaya iliyowaudhi Wakatoliki wa Ujerumani kuliko zote. Mchekeshaji Hans Schnier ana mama tajiri ambaye mwanzoni mwa 1945 alimtoa binti yake, Henriette, akatumikie mizinga ya kutungulia ndege ili kuilinda "ardhi takatifu ya Kijerumani". Binti hakurudi. Sasa mama huyohuyo ni mwenyekiti wa kamati ya vyama vya kupatanisha tofauti za rangi na mbari. Upatanisho umekuwa cheo. Yumo pia Kalick, aliyekuwa kiongozi wa vijana wa Hitler, ambaye chini yake mtoto yatima aitwaye Georg alikufa katika mafunzo ya silaha. Kalick amepewa nishani ya taifa kwa kueneza fikra za demokrasia kati ya vijana. Tena ameomba msamaha, kwa maneno mazuri. Hans hakuupokea.

Hapa tunapenda kubishana na Böll kidogo. Wakatoliki wa kitabu hiki wamechorwa kama vikaragosi, na Hans mwenyewe, anayelia kwamba Kanisa limemnyang'anya Marie, mwanzoni hakuwa tayari kufunga ndoa kwa masharti yoyote ila yake. Zaidi ya hapo, katika vitabu vyake vingi ni vigumu kumpata mkosefu anayetubu kwa kweli. Wanaotubu ni waongo, na wasio na hatia hubaki wasio na hatia. Nyati ni nyati, kondoo ni kondoo. Injili inamjua Zakayo (Lk 19:1-10), mtu aliyekuwa nyati wa Yeriko na siku hiyohiyo akashuka mtini akiwa mtu mwingine. Daudi naye aliua, kisha akalia mbele ya Nathani. Katika dunia ya Böll nafasi ya Daudi ni finyu, na huo tunauona ni upungufu wa kiteolojia, si wa kifasihi tu.

Hata hivyo tazameni Zakayo alisema nini. Alitaja nusu ya mali yake kwa maskini, na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Mapokeo ya Kanisa yanataja matendo matatu ya mwenye kutubu: majuto, maungamo na malipizi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 1459) inafundisha kwamba ondoleo linaifuta dhambi, lakini halitengenezi lenyewe madhara yote ambayo dhambi imeleta. Aliyeiba arudishe, aliyechafua jina la mtu alisafishe. Kalick ana maungamo ya mdomo na hana malipizi. Mama Schnier hana hata maungamo, ana ofisi tu. Kwa namna hii Böll, mkali kama alivyo, anatukumbusha sehemu ya tatu ya sakramenti ambayo sisi waungamishi tumezoea kuibana ndani ya Salamu Maria tatu.

Je, maaskofu wa Ujerumani hawakusema kitu? Walisema. Katika barua yao ya kichungaji kutoka Fulda, Agosti 1945, walikiri kwamba Wajerumani wengi, hata kutoka safu za Wakatoliki, walidanganywa na mafundisho ya uongo, na kwamba wengi walisaidia uhalifu. Wengine waliona kwamba haikutosha. Hatua kubwa zaidi ilitoka upande wa walioumizwa. Tarehe 18 Novemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukikaribia kufungwa, maaskofu wa Polandi waliwaandikia wenzao wa Ujerumani wakisema kwamba wanasamehe na wanaomba kusamehewa. Fikirini: nchi iliyokaliwa, iliyowekwa kambi za mauaji juu ya ardhi yake, ndiyo inayoanza, tena inaomba msamaha pia. Serikali ya kikomunisti iliwashambulia, na waamini wengi wa Polandi walikasirika. Jibu la Wajerumani, la tarehe 5 Desemba, lilikuwa la shukrani lakini la tahadhari, na wengi Polandi waliliona baridi. Lakini barua ile ilitaja mambo kwa majina yake, karne kwa karne, kabla ya kufikia neno la msamaha. Tofauti kati yake na hotuba ya yule Abate wa riwayani iko hapo.

Sisi wa Tanzania tunaijua Ujerumani kwa hatia nyingine, ya zamani zaidi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea, mbele ya wazao wa Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea wahenga wetu katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Imechukua zaidi ya miaka 100. Yapo mabaki ya wahenga waliochukuliwa kwenda Ujerumani ambayo familia bado zinayatafuta, na hilo ndilo suala la malipizi. Hatudhani kwamba kiongozi wa Ujerumani angeweza kusimama namna ile kama nchi yake isingekuwa imepitia kwanza miongo ya ubishi mchungu nyumbani, ubishi ambao Böll aliuchochea bila kuchoka na uliompatia maadui wengi. Mwaka 1972 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na hata baada ya hapo yapo magazeti yaliyomwita mchochezi.

Mwaka 1976 Böll na mkewe walitangaza rasmi kujitoa katika Kanisa kama taasisi ya kisheria inayokusanya kodi. Yeye mwenyewe alitofautisha: aliacha shirika, hakuacha mwili. Kanisa haliwezi kuikubali tofauti hiyo kirahisi namna ile, kwa maana Kanisa linaloonekana na Mwili wa fumbo si vitu viwili (Lumen Gentium, 8), na mseminari anayesoma somo la Kanisa aweze kueleza kwa nini. Lakini asimweleze kwa dharau. Alifariki tarehe 16 Julai 1985 nyumbani kwake Langenbroich, akazikwa Merten, karibu na Bonn. Padre Mkatoliki, rafiki yake, ndiye aliyeongoza mazishi.

Anayetaka kuanza kumsoma asianze na yule mchekeshaji, atakasirika mapema bure. Aanze na Adamu, ambacho ni kitabu kifupi. Tafsiri za Kiingereza zinapatikana. Akifika kwenye sura ya Ilona, kabla hajaendelea, aifungue litania yenyewe katika kitabu chake cha ibada na kuisoma yote kwa sauti.